Mnyoo Bapa Si Mmoja: Utambuzi wa Minyoo wa Matangi ya Matumbawe na Suala la Kuwapa Majina

Ikisiri

Makala haya yanadhamiria kumwelekeza msomaji jinsi ya kutambua aina za minyoo bapa wanaopatikana katika matangi ya matumbawe. Yanaonyesha kwamba viumbe kadhaa vyenye asili, chakula na madhara tofauti vimekusanywa chini ya jina moja, na kwamba mkusanyo huo umewapotosha wafugaji na wafasiri kwa pamoja. Makala yanapendekeza majina ya Kiswahili yanayotokana na sifa zinazoonekana kwa macho, ili jina lenyewe liwe hatua ya kwanza ya utambuzi.

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita, binamu yangu aliyekuwa ameajiriwa katika hoteli moja ya Pwani ya Kusini aliniletea kurasa nne za Kiingereza akaniomba nimfasirie. Kazi yake ilikuwa kutunza tangi la kioo lililokuwa katika ukumbi wa mapokezi: tangi la maji ya bahari lenye matumbawe hai, samaki wa rangi, taa kali na pampu za kuvurumisha maji. Kurasa zile zilihusu vidudu vyembamba vilivyokuwa vimeanza kuonekana juu ya kioo na mawe. Nami, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza masomo ya uzamili na nikijiamini kupita kiasi, niliifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja. Matini asilia yalitumia majina manne kwa viumbe vinne. Nilipokosa visawe, yote manne niliyafasiri kwa neno moja: minyoo.

Binamu yangu aliisoma sehemu ya kwanza, iliyosema kwamba minyoo hawana madhara na waachwe. Akawaacha. Baada ya majuma kadhaa mawe yote yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Hapo akaisoma sehemu ya tatu, iliyosema kwamba minyoo huuawa kwa dawa. Akaitia dawa. Minyoo walikufa wote kwa mkupuo, na kufikia alfajiri samaki nao walikuwa wakielea. Aliponipigia simu hakunilaumu. Alisema tu: "Ndugu yangu, karatasi yako ilisema minyoo ni minyoo."

Kauli hiyo ndiyo chimbuko la makala haya. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana haki gani ya kuzungumzia vidudu vya baharini. Jawabu ni kwamba kosa lililowaua samaki wale lilikuwa la msamiati, nalo lilitoka katika kalamu yangu. Tangu siku ile nimejibidiisha kujifunza kile nilichopaswa kukijua kabla ya kufasiri.

2. Mnyoo bapa ni kiumbe gani?

Jina "mnyoo bapa" limekusudiwa kufasili kundi ambalo wanasayansi huliita Platyhelminthes. Jina hilo lina asili ya Kiyunani, nalo maana yake ni ileile: minyoo walio bapa. Viumbe hawa wana mwili laini usio na pingili, hawana gamba, hawana miguu wala mashavu ya kupumulia. Hewa hupenya moja kwa moja kupitia ngozi, na ndiyo sababu mwili sharti uwe mwembamba. Mdomo kwa kawaida uko upande wa tumboni, na wengi wao hawana tundu la kutolea uchafu, hivyo mabaki ya chakula hurudi kwa njia ileile kilimoingilia. Aghalabu ni huntha, yaani kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Wengi wa wale waishio huru baharini hujongea kwa vinyweleo vidogo mno vilivyo upande wa chini, na kwa hiyo huonekana kama wanaoteleza badala ya kutambaa.

Hata hivyo, ubapa ni umbo tu, si ukoo. Kwa muda mrefu kundi hili lilihesabiwa pia kuwa na viumbe waitwao Acoela, jina lenye asili ya Kiyunani linalodokeza ukosefu wa uwazi mwilini. Acoela hawana utumbo wenye uwazi. Chakula huingia katika tishu za katikati ya mwili na kusagwa humo. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa kuanzia mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba Acoela si ndugu wa karibu wa minyoo bapa, na leo wamewekwa katika kundi lao wenyewe. La kushangaza ni kwamba aina mbili za "minyoo bapa" wanaolalamikiwa sana na wenye matangi ni Acoela. Kwa maneno mengine, wale wanaoitwa kwa jina hilo mara nyingi zaidi ndio hasa wasiostahili kuitwa hivyo.

3. Maswali manne ya utambuzi

Kabla ya kumpa kiumbe jina, mwangalizi anapaswa kujiuliza maswali manne. Kwanza, amekaa wapi: juu ya kioo na mawe, au juu ya tumbawe lenyewe? Pili, ncha yake ya nyuma ina umbo gani: imechongoka, imebonyea, au imegawika? Tatu, anajongea vipi: anateleza polepole, anabaki palepale, au anaogelea kwa kupunga kingo za mwili? Nne, ameacha alama gani: mayai, makovu, au magamba matupu ya konokono na chaza?

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuzia, tochi, na bomba la sindano lisilo na ncha la kupulizia maji kwenye matawi. Muhimu zaidi ni subira. Baadhi ya minyoo hawa hujificha mchana na kutoka usiku. Wengine hubanana upande wa chini wa tawi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

4. Aina kuu

4.1 Mnyoo kutu

Hawa ndio waliolivamia tangi la binamu yangu. Ni wa jenasi ya Convolutriloba, na urefu wao ni milimita chache tu. Rangi yao ni ya kutu au hudhurungi, wakati mwingine yenye ukijani, na wengi wana doa jekundu mwilini. Alama isiyopotosha ni ncha ya nyuma iliyogawika katika sehemu tatu. Hata jina la jenasi linalitaja jambo hilo, kwani sehemu yake ya mwisho inahusu ndewe tatu. Hukaa juu ya mawe, mchanga na kioo mahali penye mwanga, na wakizidi huyafunika hata matumbawe.

Wanapenda mwanga kwa sababu mwilini mwao wamehifadhi mwani wa chembe moja ambao huwatengenezea chakula. Zaidi ya hayo huwakamata wadudu wadogo wa majini. Tangi lenye taa kali na mabaki mengi ya chakula ni shamba lao la neema. Isitoshe, huongezeka bila kuhitaji mwenzi. Spishi ya Convolutriloba retrogemma, iliyopewa jina mwaka wa 1988, huchipuza watoto kwenye sehemu ya nyuma, na chipukizi hilo huelekea upande ulio kinyume na mzazi. Jina retrogemma linatokana na Kilatini, nalo linahusu chipukizi la nyuma. Spishi nyingine, Convolutriloba longifissura, hupasuka kwa urefu, na jina lake linasema hivyo pia. Waliowapa majina hayo walihakikisha kwamba anayejua Kilatini amekwisha kujua nusu ya tabia ya kiumbe.

Hatari ya mnyoo kutu ni ya namna mbili. Akiwa hai huyanyima matumbawe mwanga. Akifa hutoa sumu, na wakifa maelfu kwa wakati mmoja sumu hiyo huweza kuwamaliza samaki. Kwa hiyo mwenye tangi huanza kwa kuwanyonya kwa mpira, siku baada ya siku, hadi wawe wachache. Dawa huja baadaye, ikifuatwa na makaa ya kuchujia na kubadilisha maji. Dawa inayotajwa sana ni levamisoli, ambayo wafugaji wetu wanaifahamu kwa kuwatibu ng'ombe na mbuzi. Wapo pia wanaotumia maadui wa asili, kama vile konokono mweusi wa bahari mwenye mistari ya buluu, Chelidonura varians, ambaye chakula chake ni Acoela. Konokono huyo naye hufa njaa minyoo wanapokwisha. Hivyo kumleta ni kuubeba mzigo mwingine.

4.2 Mnyoo kopa

Huyu ni wa jenasi ya Waminoa, naye pia ni katika Acoela. Umbo lake ni la duara lenye mbonyeo upande wa nyuma, mfano wa kopa ya karata. Hukaa juu ya tumbawe hai, mara nyingi wengi kwa pamoja, wakionekana kama madoa ya hudhurungi. Tofauti na mnyoo kutu, ni nadra kumwona akizurura juu ya kioo.

Mnyoo kopa hana haja ya kulitafuna tumbawe. Hujilisha ute unaotolewa na tumbawe pamoja na kile kinachotengenezwa na mwani ulio mwilini mwake, na mwani huo humrithisha mtoto kupitia yai. Madhara yake huja kwa wingi wake: tumbawe lililofunikwa hukosa mwanga, hupoteza ute wake, na polipu zake hukunjamana. Wachache wanaweza kuvumiliwa. Wengi wanahitaji tumbawe kutolewa na kuchovywa katika maji yenye dawa. Anayemchukulia mnyoo kopa kuwa mnyoo kutu atalitibu tangi zima pasi na sababu, ilhali aliyehitaji tiba ni tumbawe moja.

4.3 Mnyoo mlatumbawe

Tukija kwa huyu, sasa tumefika kwa mnyoo bapa wa kweli, tena wa oda ya Polycladida, yaani wale ambao utumbo wao una matawi mengi. Chakula chake ni matumbawe ya Acropora, yale yenye matawi kama pembe za paa, ambayo pia hupamba miamba ya pwani yetu. Ni kiumbe mgumu mno kuonekana. Mwili wake hauna rangi nyingi, na kile anachokula huonekana ndani ya utumbo; matokeo yake ni kwamba hufanana na tumbawe analolila. Mtu anaweza kulitazama tawi kwa dakika kumi na asimwone mnyoo wa sentimita moja aliye mbele ya macho yake.

Ndiyo maana swali la nne, lile la alama, huwa na uzito hapa. Kuna alama mbili. Ya kwanza ni makovu madogo ya mviringo, yaliyopauka, juu ya ngozi ya tumbawe. Ya pili ni mayai ya rangi ya hudhurungi yaliyopangwa kwa safu moja juu ya kiunzi kilichokwisha kufa, karibu na pale nyama hai inapoishia. Aliyeona mayai hayo hana haja ya kumwona mama yao.

Historia ya jina lake ina mafunzo. Wenye matangi walimjua kwa miaka mingi na kumwita kwa herufi za kifupisho kabla sayansi haijamtambua. Mwaka wa 2011 ndipo alipoelezwa rasmi kwa jina la Amakusaplana acroporae, kutokana na minyoo waliopatikana matangini. Mwaka wa 2012 ikaripotiwa kwa mara ya kwanza kwamba ameonekana baharini, katika Mwamba Mkuu wa Australia. Mwaka wa 2019 alihamishiwa jenasi nyingine, na sasa huitwa Prosthiostomum acroporae. Kiumbe huyu alipata jina kwa mafundi wa matangi kwanza, kisha kwa wasomi, na ndipo bahari yenyewe ikatoa ushahidi.

Tiba yake ni kuchovya tumbawe na kulipulizia maji ili minyoo wadondoke. Lakini dawa za kuchovyea haziyaui mayai. Mayai huanguliwa baada ya siku kadhaa, kwa kasi zaidi maji yakiwa na joto. Kwa hivyo kuchovya hurudiwa mara nyingi, na mayai yanayoonekana hukwanguliwa kwa mkono. Mwenye kuchovya mara moja na kutulia amewaondoa wazazi akabakisha watoto.

4.4 Mnyoo leso na jamaa zake

Katika oda hiyohiyo ya Polycladida wamo minyoo wakubwa wenye rangi za kuvutia: weusi wenye kingo za chungwa, waridi wenye nukta, na wale wenye michoro inayowakumbusha Wazungu mazulia ya Uajemi. Wengi wao ni wa jenasi za Pseudoceros na Pseudobiceros. Wanapoogelea hupunga kingo za mwili kama leso iliyoanikwa kwenye upepo wa kusi, na ndiyo sababu ninapendekeza waitwe minyoo leso.

Hawa si wageni kwetu. Cyril Crossland alikusanya viumbe vya bahari ya Zanzibar na pwani ambayo leo ni ya Kenya katika miaka ya 1901 na 1902, na mwaka wa 1903 F. F. Laidlaw akachapisha maelezo ya Polycladida waliokuwa katika mkusanyo huo. Maadamu minyoo wa pwani ya Waswahili waliandikwa vitabuni zaidi ya karne moja iliyopita, kukosekana kwao katika msamiati wetu wa kitaaluma hakuwezi kuelezwa kwa ugeni wao.

Katika tangi, mnyoo leso si mharibifu wa matumbawe. Wengi hula viumbe laini waishio kwa kugandamana na miamba, na hufa kwa kukosa chakula hicho. Ila wanao jamaa wasio na urembo, wenye rangi ya kijivu au hudhurungi na madoa mengi madogo ya macho karibu na kichwa, wanaoingia tangini ndani ya mashimo ya mawe. Baadhi yao, kama wale wa jenasi ya Stylochus, huingia ndani ya chaza na kumla akiwa katika gamba lake. Ukiamka na kukuta magamba matupu yasiyovunjika, tafuta kwa tochi usiku. Mmoja akipatikana, hutolewa kwa mkono. Hakuna haja ya dawa.

4.5 Mnyoo chembe

Hatimaye wapo minyoo weupe au wasio na rangi, wadogo kama chembe za mchele uliovunjika, wanaoteleza juu ya kioo. Hula vijidudu na mabaki. Hawana ndewe tatu, hawakai juu ya tumbawe, wala hawaachi makovu. Hawa ndio ambao kurasa zile za binamu yangu zilisema waachwe. Idadi yao hupanda chakula kinapozidi na kushuka kinapopungua.

5. Wanaofananishwa nao

Aghalabu konokono wa bahari wasio na gamba huchukuliwa kuwa minyoo bapa. Namna ya kuwatofautisha ni hii: konokono ana unene, ana pembe mbili za kunusia zilizosimama kichwani, na wengi wao wana mashavu kama manyoya mgongoni. Mnyoo ni mwembamba kama karatasi. Kile kinachofanana na pembe kwa mnyoo leso mara nyingi ni mkunjo tu wa ukingo wa mbele. Kosa hili lina gharama, kwa sababu wapo konokono wanaowala minyoo, na atakayewatupa amemfukuza mlinzi akimdhania mwizi.

6. Suala la majina

Msomaji atakuwa ameona kwamba nimetumia majina yasiyomo kamusini: mnyoo kutu, mnyoo kopa, mnyoo mlatumbawe, mnyoo leso, mnyoo chembe. Simdai yeyote ayakubali kama yalivyo. Ninachodai ni kanuni iliyoyazaa. Kila jina limechukua sifa ambayo mtunza tangi anaiona bila kwenda maabara: rangi, umbo, chakula, mwendo, ukubwa. Laiti ningeandika "mnyoo kutu" na "mnyoo chembe" katika tafsiri yangu, binamu yangu angelitazama jina, akautazama mwamba, akajua ni ukurasa upi unaomhusu.

Huenda pakawa na wanaoshikilia kwamba inatosha kuyaswahilisha majina ya Kilatini. Njia hiyo ina faida yake, kwa kuwa humwezesha msomi wa Kenya kuelewana na wa Japani. Lakini majina hayo nayo huhama, kama tulivyoona kwa mnyoo mlatumbawe aliyebadilishiwa jenasi baada ya miaka minane tu. Ni bora jina la kisayansi liandamane na jina la Kiswahili kuliko moja kuchukua nafasi ya jingine.

Jambo jingine linahusu sarufi. Tumbawe hai ni mnyama, lakini katika Kiswahili huchukua upatanisho wa li-/ya-, sawa na jiwe. Mnyoo tunampa upatanisho wa viumbe hai bila kusita. Basi katika sentensi "mnyoo amelila tumbawe", sarufi inatuonyesha kiumbe kinachokula kitu, ilhali ukweli ni mnyama anayemla mnyama. Sipendekezi tuibadilishe sarufi. Nasema tu kwamba mfasiri asipolijua hilo, msomaji wake hatajua kwa nini tumbawe linahitaji kutibiwa.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kubainisha kwamba utambuzi wa minyoo wa matangi ya matumbawe huanza kwa kutazama mahali, ncha ya nyuma, mwendo na alama, na kwamba kila aina ina tiba yake. Mnyoo kutu hunyonywa kabla ya dawa; tumbawe lenye mnyoo kopa au mnyoo mlatumbawe huchovywa, na kwa mnyoo mlatumbawe kazi hiyo hurudiwa; jamaa wa mnyoo leso wanaowala chaza hutolewa kwa mkono; mnyoo chembe huachwa.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili nina ombi moja. Tunapofasiri matini ya sayansi, tumezoea kuona ukosefu wa kisawe kama tatizo la mtindo, tukalitatua kwa neno la jumla na kuendelea. Neno la jumla lina watu wanaolitegemea. Binamu yangu bado anatunza tangi lile, na ukurasa nilioufasiri upya umebandikwa ukutani karibu na pampu. Una majina matano. Juma lililopita alinieleza kwamba amemwona mnyoo wa sita, asiyelingana na yeyote kati yao, na akaniuliza tumwite nani. Nilimjibu aniambie kwanza amekaa wapi, na mkia wake ukoje.